Kipimo cha Tangi la Baba

Nyumbani kwetu Boko rimoti ya televisheni huvaa nailoni, na kabati la vyombo la mama hufunguliwa mgeni akija, tena awe mgeni wa maana. Hizo ni sheria za mama. Baba ana sheria moja tu: tangi la samaki lililo sebuleni ni lake, na mtu mwingine asitie mkono humo. Hata mimi, binti yao wa mwisho niliyerudi kuishi nao, ninayepika na kugombana na mafundi wa umeme, nikitaka kufuta vumbi kwenye kioo cha tangi lile naomba ruhusa kwanza.

Baba alikuwa na duka la nafaka na viungo Temeke, duka aliloachiwa na baba yake, na alikaa nyuma ya mizani tangu ndevu zake zikiwa nyeusi mpaka zikawa nyeupe zote. Alipolifunga tulipata hofu. Mtu aliyezoea kuamkia dukani, ukimweka kwenye kochi anazeeka huku unamwangalia. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyemletea tangi. Siku ya kwanza baba alilikataa, akasema yeye si mtoto wa kuchezea samaki. Siku ya pili akaliwasha taa. Baada ya hapo ukimtafuta baba unamkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya kioo, tasbihi mkononi, anawatazama. Ni samaki wadogo, wengine wana mistari, wengine manjano tupu, asili yao Ziwa Tanganyika. Wana hasira kupita ukubwa wao, na nadhani ndiyo maana mimi na wao tulielewana mapema.

Samaki hawa wanataka maji ya namna yao. Kuna kipimo kinaitwa pH, ambacho kwa lugha ya jikoni kinakwambia kama maji yameelekea upande wa ndimu au upande wa magadi. Saba ni katikati. Ukishuka chini ya saba unakwenda kwenye ndimu, ukipanda juu unakwenda kwenye magadi, na samaki wa Tanganyika wanaishi vizuri kwenye nane na kuendelea. Baba alikuwa akipima kwa matone. Anachota maji ya tangi kwenye kichupa, anadondosha dawa, anatikisa, maji yanageuka rangi, kisha analinganisha rangi hiyo na zile zilizochapwa kwenye kadi. Alifanya hivyo kila Ijumaa akitoka msikitini, kanzu bado mwilini, na chakula kilingoja mpaka atangaze. Maji mazuri kwa samaki wake yalikuwa bluu. "Bluu," angesema baba, na mama angeanza kupakua.

Kisha macho yakaanza kumchezea. Jicho moja lilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, la pili lina presha. Si kwamba anashikwa mkono. Mlango anauona, na mtu anamjua kwa mwendo wake kabla hajafika getini. Rangi ndizo zilizomkimbia. Alimsifu mama kwa dera la bluu, na mama, aliyekuwa amevaa la kijani, akasema asante. Lakini kila Ijumaa baba aliinua kichupa chake dirishani, akakitazama kwa muda, akatangaza bluu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumbishia.

Masika iliyofuata mvua ilinyesha kwelikweli, na mapipa yetu yote yakajaa maji ya bati. Lazima niseme kidogo kuhusu maji. Kwetu tuna kisima, na maji yake yana chumvi. Sabuni haitoi povu, na chai ukiipika nayo inakuwa kama umekoroga na kijiko cha chuma kwa saa nzima. Maji matamu ni ya mvua au ya kununua, na kwa watu wa pwani kama sisi maji matamu ni heshima. Mgeni humpi ya kisima hata kama mwenyewe umeyanywa hayo hayo wiki nzima. Sasa baba aliwahesabu samaki wake kuwa ni wageni. Wametoka mbali, Kigoma kule, na hawakuomba kuletwa. Mapipa yalipojaa, akaanza kuwabadilishia maji kwa yale ya mvua, ndoo baada ya ndoo, na tulimsikia akiwaambia, "Haya, karibuni, kunyweni maji."

Samaki wakaanza kufa. Alitangulia mmoja wa manjano, baba akamzika chini ya mpapai bila kumwambia mtu. Akafuata mwingine. Waliobaki walikuwa wakipanda juu kuvuta hewa, mapezi wameyabana kama watu wenye baridi. Na kila Ijumaa maji yalikuwa bluu.

Mama akasema kwa dada yetu wa Mabibo, dada akasema kwa kaka, na jambo likafika kwenye kundi la familia la simu. Kaka anaishi Pugu, ana nyumba kubwa na moyo mzuri, na mdomo wake huwa unatangulia vyote viwili. Akaandika kwamba Jumapili baada ya sikukuu atakuja na pikapu, alichukue tangi, akalitunze kwake. "Mzee apumzike," akamalizia. Dada akaweka kidole gumba.

Nililitazama neno lile mpaka macho yakaniwasha. Baba alishapumzishwa duka. Alishapumzishwa kuendesha gari. Alishapumzishwa hata kwenda sokoni peke yake. Tangi ndilo lililokuwa limebaki, mahali pekee ambapo neno lake lilikuwa la mwisho, na sasa walitaka kumpumzisha na hilo, tena bila kumuuliza. Nikaandika: "Tangi haliendi popote." Kaka akajibu: "Sasa maji atapima nani, wewe?" Nikaiweka simu chini, maana nilichotaka kumjibu hakiandikwi kwenye kundi ambalo shangazi wamo.

Lakini swali lake lilikuwa la haki. Kama ningepima mimi, tangi lingekuwa langu, na baba angebaki kukaa kwenye kigoda kama mtu aliyekuja kutembea. Nilihitaji kipimo ambacho atakisoma yeye, kwa macho yake yale yale, kabla pikapu haijafika.

Nilianza vibaya. Niliagiza kalamu ya kupimia, kifaa kidogo unachokichovya kwenye maji na namba zinatokea kwenye kidirisha. Kililetwa na bodaboda, nikakiacha mezani, nikaenda kazini. Mama akakiona. Kwa mama, kitu kipya kikiingia nyumbani kinaoshwa, kinafutwa, kinakaushwa, kinawekwa mahali pake. Akafungua kofia ya ile kalamu, akakuta ndani kuna majimaji, akayamwaga kwa kuudhika. Akaiosha kwa sabuni, akaianika dirishani juani, kisha, kwa sababu aliona ni kitu cha thamani, akaiingiza kwenye kabati la vyombo, katikati ya vikombe vya kahawa vya wageni. Ikakaa humo, kavu na inang'aa, mpaka Ijumaa.

Ijumaa baba akaichovya kwenye tangi. Namba zilikuwa ndogo kiasi kwamba aliisogeza mpaka ikamgusa pua, na bado ikabidi nimsomee mimi. "Saba," nikasema. Baba akaigeuza ile kalamu mkononi. Kisha akasema, "Mama, niletee ndimu." Mama ni mimi, ndivyo anavyoniita akiwa na jambo. Nikamletea. "Na magadi kidogo." Nikakoroga magadi kwenye bakuli. Akaichovya kalamu kwenye maji ya ndimu, nikasoma saba. Akaisuuza, akaichovya kwenye magadi, nikasoma saba na kidogo.

"Hii mizani mbovu," akasema, na akaiweka mezani kwa upole kama alivyokuwa akimrudishia mtu noti iliyochanika.

Ndipo nikakumbuka duka. Kila asubuhi, kabla ya kumpimia mteja wa kwanza, baba aliweka jiwe la kilo moja juu ya mizani. Jiwe, si mchele, si sukari. Mizani ikisema kilo, anafungua. Ikisema vingine, mteja atangoja, hata awe na haraka ya namna gani. Nilipokuwa mdogo niliona ni ibada fulani ya watu wa maduka. Kumbe baba hakuwahi kukiamini kipimo chochote ambacho hajakipima kwanza.

Niliketi nikasoma karatasi ya maelezo, ile ambayo kwetu hutumika kufungia karafuu. Ncha ya kalamu, ilisema, isikauke kamwe. Yale majimaji ya kwenye kofia ndiyo yanayoitunza. Nilipomweleza mama alinitazama kama nimemtukana. "Sasa kitu gani hicho," akasema, "kinachoharibika kwa sababu kimesafishwa?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na yeye akacheka, lakini baadaye, akiwa jikoni, peke yake.

Safari ya pili nilikwenda na baba mwenyewe. Tulikwenda kwenye duka la samaki wa mapambo, Kinondoni, chumba kimoja kirefu chenye matangi kuta zote na mlio wa pampu usiokoma. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, kichwa kimenyolewa upya, simu mbili mkononi.

"Shikamoo mzee," akasema.

"Marahaba."

Kisha akanigeukia mimi, na hapo ndipo mazungumzo yakahamia. "Sista, kama unataka ishu ya uhakika, chukua hii. Inaunga na simu. We uko zako job, mzee yuko home, unacheki tu maji yako vipi. Yakizingua, simu inapiga kelele."

Kilikuwa kifaa kizuri, hakina hata kidirisha, kila kitu kinaonekana kwenye simu. Nilikitamani. Nilijiona nikimtumia kaka mchoro wa maji kwenye kundi, mbele ya shangazi wote. Kisha nikamwangalia baba. Alikuwa amevua miwani anaifuta kwa ncha ya kanzu, taratibu, kama alivyokuwa akifanya dukani mteja akizungumza na msaidizi wake badala ya yeye.

"Na mzee atasoma wapi?" nikauliza.

"Nani, mzee? Si utamwambia we, sista."

Hasira zangu zikapata kazi. "Mwenye samaki ni huyu hapa," nikamwambia. "Mie nimekuja kumbebea mfuko. Ongea naye."

Yule kijana, Mungu ampe heri, hakununa. Alivuta kiti cha plastiki, akakifuta kwa kiganja, akamkalisha baba. "Samahani mzee wangu. Niambie unao wa aina gani."

Baba akamwambia. Wakaongea samaki kwa muda ambao mimi nilihesabu konokono. Kisha kijana akashusha kifaa kingine kutoka rafu ya juu: kisanduku cha kutundika ukutani, namba zake kubwa kama za saa ya msikitini, na waya mrefu wenye ncha ya kupimia, ambayo inakaa ndani ya tangi muda wote, mchana na usiku. Nilipenda jambo hilo mara moja. Ncha inayoishi majini haiwezi kuanikwa juani na mtu yeyote, hata awe mama yangu.

Baba aliuliza kama muuzaji anayemjua muuzaji. Umeme ukikatika? Kina betri. Ncha ikichoka? Inabadilishwa ncha tu, kisanduku kinabaki. Kisha akauliza, "Na mawe yake yako wapi?"

Kijana akaniangalia. Mimi nikaangalia samaki. Sikutaka kumsaidia hata mmoja wao.

"Mizani inakuja na mawe," baba akaendelea. "Nitajuaje kama hii inasema kweli?"

Uso wa kijana ukafunguka. "Aaah, mawe! Yapo mzee, yapo kabisa." Akatoa vipakiti vya unga. Kimoja unakichanganya na maji yaliyosafishwa, yanakuwa saba kamili. Kingine yanakuwa kumi. Unachovya ncha humo. Ikisema vingine, unabonyeza hapa unaiweka sawa. "Wateja wengi wanaviachaga hapahapa dukani," akasema. "Wanaona ni mbwembwe."

"Hivyo vipakiti ndivyo ninavyonunua," baba akasema. "Kisanduku nipe kama nyongeza."

Nikaomba kitundikwe kwenye msumari mwisho wa duka, ncha itiwe kwenye tangi lolote. Kijana akafanya hivyo. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, duka zima katikati yake na kisanduku. Akanyanyua kidevu.

"Saba nukta nne," akasema.

Kijana akaihamisha ncha kwenye tangi jingine. Tukangoja namba zitulie.

"Sita nukta tisa."

Alisoma bila kukunja uso, bila kuinuka, bila kuniuliza mimi. Nikapiga kigelegele. Kilikuwa kifupi, lakini nilikipiga, na mteja aliyekuwa akichagua mawe ya rangi aligeuka akadhani kuna posa. Sijali. Nilijisikia kama mimi ndiye niliyemzaa mzee yule.

Nyumbani baba alitaka vikombe viwili vya kuchanganyia zile dawa za saba na kumi. Nikainuka kwenda jikoni kutafuta vya plastiki. Mama akanizuia. Alifungua kabati, akatoa vikombe viwili vya kahawa, vile vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo sijawahi kuvinywea tangu nizaliwe, akaviweka mbele ya baba.

"Mama, hivyo ni vya wageni wa maana," nikamwambia.

"Nawe huoni?" akanijibu.

Baba akapima mawe yake. Saba ikasema saba. Kumi ikasema kumi kasoro kidogo, akaisawazisha, akaipima tena mpaka akaridhika. Ndipo akaitumbukiza ncha kwenye tangi, akarudi kwenye kigoda, akasubiri namba zitulie.

"Sita nukta nne," akasoma. Akasoma tena, kimya, midomo tu ikicheza. Maji yalikuwa yameelekea kwenye ndimu, na samaki wake ni watu wa magadi.

Akaagiza nimletee kikombe cha maji ya mvua. Yakawa chini zaidi. Akaagiza ya kisima, maji yetu yale ya chumvi ambayo hata paka huyanusa akaondoka.

"Nane nukta mbili."

Baba aliinama akaegemeza paji la uso kwenye kioo cha tangi. "Kumbe mie nawapa maji ya wageni," akasema, "wao wanataka ya nyumbani." Aliumia, na hakuficha. Niliona macho yake yakienda dirishani, kule kwenye mpapai. Mama akamwambia kwamba alichowapa ni kile ambacho angempa mtu yeyote anayempenda, na hilo halina lawama. Baba akaitikia kwa kichwa. Kisha akakunja mikono ya kanzu, akaomba jagi.

Alikwenda polepole, maana alijua kutoka kwa kijana wa duka kwamba maji yakibadilishwa ghafla samaki wanakufa kwa mshtuko. Jagi moja la kisima asubuhi, jagi moja jioni, huku anasoma ukutani. Mimi nilichota tu. Nikizidisha, alinikaripia, na sijawahi kukaripiwa nikafurahi vile. Namba ilipanda kidogokidogo. Samaki wakaacha kuvuta hewa juu. Yule mkubwa mwenye mistari akaanza tena kumfukuza kila aliyepita mbele ya jiwe lake, na baba akaita nyumba nzima tuje tuone ugomvi.

Jumapili baada ya sikukuu kaka akafika. Nilimwona getini akishusha kutoka kwenye pikapu kamba, mablanketi mawili na godoro zima la sponji, la kulaza tangi lisivunjike njiani. Nilimsalimia nikampokea kamba, na sikumwambia neno. Ilinigharimu sana kunyamaza kule, wanaonijua wanajua.

Akaingia sebuleni, godoro begani, akamwamkia baba, kisha akanigeukia mimi juu ya kichwa cha baba, kama yule kijana wa duka. "Vipi, maji yanaendeleaje?"

Nikaanza kukunja blanketi ambalo tayari lilikuwa limekunjwa.

"Nane nukta moja," baba akasema kutoka kwenye kigoda, wala hakugeuka. "Asubuhi ilikuwa nane kamili. Jioni nitaongeza jagi moja, halafu basi, inatosha."

Kaka aliangalia ukutani, akaiona ile namba. Akamwangalia baba, akaiangalia tena namba, kama mwanafunzi anayesahihisha kazi ya mwenzake. Kisha akaangalia tangi, samaki wakiwa wamesambaa wote, mapezi wazi, wanachokozana. Bado alikuwa na godoro begani.

"Mmeshapima mawe?" baba akaniuliza mimi, kwa sauti ya dukani.

"Umeyapima mwenyewe jana, baba."

"Ndiyo. Nataka kaka yako asikie." Hapo akageuka, akamwona mwanawe mkubwa amesimama na mzigo wake. "Hilo godoro umefanya vizuri kulileta. Liweke hapo chini, ule pilau, ujinyooshe. Pugu mbali."

Mama alikuwa ameshaanza kupakua. Kaka alikula sahani mbili bila kulitaja tangi. Baada ya chakula alilitandika godoro lake mbele ya kioo, akajilaza chali, mikono chini ya kichwa, kama alivyokuwa akilala dukani juu ya magunia ya mchele alipokuwa mdogo na baba akiuza. Pampu ikawa inavuma. Nilidhani amesinzia. Nilikuwa nakusanya sahani, nimesimama pale pale, karibu na kisanduku kuliko mtu mwingine yeyote, aliposema bila kufungua macho:

"Baba, ngapi sasa?"